Mashindano ya Upanga ya Stockholm, 1912

Maafisa na askari wa jeshi na wa polisi mlioko Gitega, Muyinga na katika vituo vingine vya nchi yetu, katika maelezo yetu ya leo tunakusudia kuzungumza juu ya mchezo ambao wengi wenu hamjapata kuuona, ingawa ulizaliwa katika kazi kama yenu. Nao ni mchezo wa upanga, na hasa mashindano ya timu za mataifa yaliyofanyika katika Michezo ya Olimpiki mjini Stockholm, nchini Sweden, mwezi wa Julai mwaka 1912.

Askari aliyekesha zamu usiku kucha katika barabara ya Kobero aweza kuuliza kwa haki: habari za Stockholm zanihusu nini mimi? Jibu la kwanza ni la kihistoria. Timu iliyoshinda mwaka ule ilikuwa ya Ubelgiji. Mwaka huohuo wa 1912 Wajerumani walikuwa wakihamisha makao ya utawala wao kutoka Usumbura na kuyapeleka Kitega, kama Gitega ilivyoandikwa wakati ule. Miaka minne baadaye, Juni 1916, safu za askari wa Kongo chini ya maafisa wa Kibelgiji ziliingia Kitega, na nchi yetu ikawa mikononi mwa Wabelgiji hadi uhuru wa tarehe 1 Julai 1962. Hivyo Mbelgiji tuliyesimuliwa na wazee ni yule wa kofia ngumu, wa kodi na wa kazi za barabara. Hatukusimuliwa kwamba wakati uleule kulikuwako Wabelgiji wengine ambao shughuli yao kubwa ilikuwa kutafuta namna watu wawili wenye silaha wanavyoweza kukabiliana kwa nguvu zote, kisha wote wawili wakarudi nyumbani wazima.

Jibu la pili linatugusa zaidi, na hatuwezi kulikwepa. Katika nchi yetu neno panga halisemwi kwa wepesi. Ni chombo cha kufyekea migomba, lakini pia ni neno lililobeba kumbukumbu za mwaka 1972 na za mwaka 1993. Kwa hiyo na ieleweke tangu sasa kwamba silaha tutakayoieleza haina makali. Ni ufito wa chuma cha pua wenye ncha butu, na aliyeushika hawezi kukata nao hata jani la mgomba. Kilichofanya ufito huo uwe mchezo ni sheria, na habari ya Stockholm kwa sehemu kubwa ni habari ya ugomvi juu ya sheria.

Tuanze na silaha zenyewe. Ziko tatu. Ya kwanza ni floreti, nyepesi, ambayo zamani ilikuwa ya mazoezi. Mchezaji huruhusiwa kumgusa mwenzake kwa ncha katika kiwiliwili tu, wala si mikononi wala miguuni wala kichwani. Ya pili ni kitara, silaha ya askari wa farasi, ambayo hugusa kwa ncha na kwa ubavu wake, na shabaha yake ni kuanzia kiunoni kwenda juu. Ya tatu ni epe. Hii ndiyo iliyokaribia zaidi upanga wa pambano la kweli, yaani pambano la watu wawili waliokwenda alfajiri kichakani kulipizana heshima. Shabaha ya epe ni mwili mzima, tangu utosi mpaka ncha ya kiatu. Urefu wake wote kwa sheria za leo hauzidi sentimita 110, bapa lenyewe sentimita 90, na uzito wake hauna budi uwe chini ya gramu 770, ambao kwa bunduki mliyozoea kuibeba ni uzito wa mchezo kweli.

Wasikilizaji wenye asili ya pwani, ambao jamaa zao waliingia Gitega na Muyinga pamoja na biashara na dini, hawatauona mchezo huu kuwa mgeni sana. Huko Lamu na Pemba kuna kirumbizi, ambapo vijana wawili huingia uwanjani na bakora, zumari ikilia na ngoma ikipigwa, wakashambuliana na kukingana mbele ya watu wote, na bingwa ni yule anayejua kukinga kama ajuavyo kupiga. Na hapa kwetu, anayekwenda Gishora, karibu na mji wa Gitega, huwaona wapiga ngoma wakicheza, mmoja wao akiwa na mkuki na ngao. Mkuki ule hauchomi mtu. Kila mtazamaji anajua hivyo, na bado moyo humdunda.

Sasa, timu hushindana vipi kwa upanga, ambao kwa asili ni wa mtu mmoja dhidi ya mtu mmoja? Katika Michezo ya 1912 kila upande ulisimamisha watu wanne, na kila mmoja wao alipambana na kila mmoja wa upande wa pili. Wanne mara wanne ni mapambano kumi na sita. Upande uliopata ushindi mwingi ndio ulioshinda. Katika epe, desturi ya miaka ile ilikuwa kwamba pambano huamuliwa kwa mguso mmoja tu, kwa hoja kwamba katika pambano la kweli mtu hafi mara tano. Tena wachezaji wawili wakigusana kwa wakati mmoja, wote wawili walihesabiwa kuwa wameshindwa. Askari ataelewa mara moja ukali wa sheria hiyo. Kumpiga adui huku nawe umepigwa hakukuwa nusu ya ushindi. Kulikuwa kushindwa, na timu yako ilipoteza.

Hali hiyo iliwafanya wachezaji wa epe wawe watu wa subira. Hapakuwa na vifaa vya umeme wakati ule. Pembeni walisimama waamuzi wasaidizi wakikaza macho, na katikati mwamuzi mkuu, na wote hao walitakiwa waone jambo lililotendeka kwa kasi ya kupepesa jicho. Mara nyingi hawakuona sawa. Basi mchezo wote ulitegemea kitu kimoja kilichokuwa hakiandikwi popote: kwamba mtu aliyeguswa aseme mwenyewe kwamba ameguswa. Wako waliosema, na wako walionyamaza.

Tufike sasa kwenye ugomvi. Katika miaka ile Wafaransa na Waitalia ndio waliohesabiwa kuwa mabwana wa upanga. Katika Michezo ya London ya 1908 Ufaransa ilitwaa nishani ya dhahabu ya timu za epe, Uingereza ikawa ya pili na Ubelgiji ya tatu. Kabla ya Stockholm, Wafaransa walipendekeza kwamba katika floreti sehemu ya juu ya mkono ihesabiwe kuwa shabaha. Pendekezo lao likakataliwa. Waitalia nao walitaka bapa la epe lirefushwe. Nao wakakataliwa. Matokeo yake ni kwamba Ufaransa haikupeleka wachezaji wake wa upanga kabisa, na Italia, ingawa ilishindana katika floreti na hata kijana wake Nedo Nadi akashinda dhahabu, haikuingia katika epe.

Kwa hiyo timu iliyokuwa bingwa haikuwepo, wala hawakuwepo Waitalia. Katika duru ya mwisho ya epe walibaki Ubelgiji, Uingereza, Uholanzi na wenyeji Sweden. Wabelgiji walishinda, Waingereza wakapata nishani ya fedha, Waholanzi ya shaba. Waingereza walikuwa wamezoea nafasi hiyo mno: walikuwa wa pili mwaka 1906 huko Athens, wa pili mwaka 1908 nyumbani kwao London, na sasa wa pili tena.

Wako wanaosema kwamba dhahabu ile ya Ubelgiji ilikuwa nyepesi kwa kuwa wenye nguvu walisusa. Sisi hatuafiki. Mwenye kususa uwanja huwa ameuacha uwanja, na hana haki ya kudai baadaye kwamba angalishinda. Tena matokeo ya baadaye yanawatetea Wabelgiji: katika Michezo ya Antwerp ya 1920, Italia na Ufaransa zikiwapo, Ubelgiji ilipata nishani ya fedha katika timu za epe, na mwaka 1924 mjini Paris ikapata fedha tena. Timu iliyobahatika mara moja haifiki hapo mara tatu mfululizo.

Ni watu gani waliounda timu ile? Walikuwa wanane: Paul Anspach, Henri Anspach, Robert Hennet, Fernand de Montigny, Jacques Ochs, François Rom, Gaston Salmon na Victor Willems. Ni vema tuwatazame wachache kwa karibu, maana timu ni watu, si rangi ya fulana.

Paul Anspach ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote. Mbali na dhahabu ya timu, alishinda pia dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja katika epe palepale Stockholm. Fernand de Montigny alikuwa msanifu wa majengo, na baadaye alikuwa mmoja wa waliochora uwanja wa Olimpiki wa Antwerp wa mwaka 1920. Alishindana hata katika mchezo wa magongo. Jacques Ochs alikuwa mchoraji wa picha na wa vikatuni, na habari yake tutairudia, kwa kuwa katika timu nzima ni yeye aliyepimwa kwa kipimo kigumu zaidi, na hapo hakuwa na upanga mkononi.

Katika Michezo hiyohiyo ya Stockholm alikuwapo pia afisa mmoja kijana wa Marekani, Luteni George Patton, ambaye majenerali wa Vita vya Pili vya Dunia walikuja kumjua vizuri. Alishiriki katika mchezo mpya wa michezo mitano uliotungwa kwa ajili ya maafisa wa jeshi: kulenga shabaha, kuogelea, upanga, kupanda farasi na kukimbia. Alimaliza akiwa wa tano. Alivutiwa na epe kiasi kwamba mwaka uliofuata alilibunia jeshi la farasi la Marekani upanga mpya, ulionyooka, wa kuchoma badala ya kukata. Upanga huo haukuamua vita vyovyote, kwa sababu muda si mrefu bunduki za rashasha zilimaliza habari ya farasi vitani. Tunautaja ili ionekane jinsi uwanja wa mchezo na uwanja wa mazoezi ya kijeshi ulivyokuwa karibu wakati ule.

Aibu ya Stockholm, yaani ile ya mataifa kususiana kwa sababu ya sentimita kadhaa za chuma, ilizaa jambo la maana. Tarehe 29 Novemba 1913 wajumbe wa nchi mbalimbali walikutana Paris wakaunda Shirikisho la Kimataifa la mchezo wa upanga, na rais wake wa kwanza akawa Mbelgiji, Albert Feyerick. Juni 1914 shirikisho likapitisha sheria za pamoja, na mmoja wa walioziandika ni Paul Anspach, yule bingwa wa epe. Yeye mwenyewe alikuja kuliongoza shirikisho hilo katika miaka ya 1930 hadi 1948. Akaishi maisha marefu mno, akafariki mwaka 1981 akiwa na umri wa miaka 99.

Angalieni tarehe hizo. Sheria zilipitishwa Juni 1914. Tarehe 4 Agosti 1914 majeshi ya Ujerumani yalivuka mpaka wa Ubelgiji. Wiki chache tu zilikuwa zimepita tangu mataifa yakubaliane ni wapi mtu aweza kumgusa mwenzake kwa ncha butu, na sasa vijana wa mataifa hayohayo walikuwa wakiuana kwa maelfu. Vita hivyo ndivyo vilivyofika hadi kwetu mwaka 1916, vikapita katika vilima vyetu na wapagazi waliolazimishwa kubeba mizigo, na vikaishia kutubadilishia mtawala. Sheria za mchezo hazikuzuia vita, wala hakuna aliyeahidi kwamba zitazuia.

Vita vilipokwisha, Michezo ya kwanza ilifanyika Antwerp mwaka 1920. Hapo ndipo mshindani alipokula kiapo cha Olimpiki kwa mara ya kwanza, kwa niaba ya wenzake wote, kwamba watashindana kwa uaminifu. Aliyechaguliwa kukila alikuwa Mbelgiji, Victor Boin, mchezaji wa epe aliyekuwa rubani wa kijeshi wakati wa vita. Katika Michezo hiyo alipata nishani ya fedha pamoja na timu yake. Kwa mtu aliyekwisha kula kiapo cha jeshi, jambo hilo si geni: unasimama mbele ya watu, unajifunga kwa maneno, na tangu saa hiyo maneno hayo yanakudai.

Hata hivyo kiapo hakimfungi kila mtu sawasawa. Mwaka 1924 mjini Paris, timu ya floreti ya Italia ilikwaruzana na mwamuzi wa Hungaria aitwaye Kovács katika pambano dhidi ya Ufaransa, na Waitalia wakatoka uwanjani wote kwa pamoja. Siku chache baadaye, katika mashindano ya kitara, Mwitalia Oreste Puliti alishutumiwa kwamba wenzake wamemwachia ushindi kwa makusudi. Akamtolea mwamuzi huyohuyo maneno makali na vitisho, akaondolewa katika mashindano. Jambo halikuisha hapo. Miezi michache baadaye wawili hao walikutana kwa vitara vya kweli, vyenye makali, wakakatana mpaka walipotenganishwa, kisha wakapatana. Wako wanaoisimulia habari hiyo kwa kuisifu, kama kwamba ni ushujaa. Sisi tunaiona kuwa ni kushindwa kwa watu wazima wawili. Mwamuzi akishapigana na mchezaji, mchezo haupo tena. Kimebaki kile cha alfajiri kichakani.

Lililosaidia baadaye halikuwa heshima peke yake, bali pia ufundi. Katika miaka ya 1930 epe ilifungiwa umeme. Kwenye ncha kukawekwa kitufe chenye springi, ambacho hakiwashi taa mpaka kisukumwe kwa nguvu inayozidi uzito wa gramu 750. Waya hupita ndani ya bapa na katika mkono wa mchezaji mpaka kwenye mashine. Wawili wakigusana kwa tofauti iliyo ndogo kuliko sehemu ya ishirini na tano ya sekunde, taa zote mbili huwaka. Mwaka 1936, katika Michezo ya Berlin, epe ya umeme ilitumika katika Olimpiki. Tangu hapo mchezaji wa epe hana haja ya kuulizwa kama ameguswa. Wako wazee wa mchezo waliosikitika kwamba mashine imechukua nafasi ya neno la mtu. Sikitiko lao tunalielewa, lakini askari yeyote aliyewahi kushuhudia mabishano ya mashahidi wawili waaminifu, kila mmoja na lake, atakubali kwamba taa ni shahidi mzuri.

Siku hizi hata hesabu ya timu imebadilika. Kila upande una wachezaji watatu na mmoja wa akiba, na hupokezana katika mapambano tisa ya dakika tatutatu, mpaka upande mmoja ufikishe miguso 45. Mguso mmoja haupotei: mwenzako akitoka amekuachia alama tano nyuma, unaanzia nyuma, akikuachia mbele, unaanzia mbele. Katika mpango wa zamani mtu aliweza kushinda mapambano yake yote manne na kurudi kwenye benchi akijisifu huku timu yake ikifa. Sasa hesabu ni moja tu, na kila mmoja anaipokea kama ilivyo.

Katika habari ya kuachiana nafasi, Burundi inao mfano wake mwenyewe, ingawa si wa upanga. Mwaka 1996 nchi yetu ilishiriki Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza, huko Atlanta, na mapinduzi ya tarehe 25 Julai yakatokea Michezo ikiendelea. Vénuste Niyongabo, ambaye mbio zake zilikuwa za mita 1500, alimwachia Dieudonné Kwizera nafasi yake katika mbio hizo, kwa kuwa Kwizera alikuwa amepigania kwa miaka mingi nchi yetu iingie Olimpiki na yeye mwenyewe alikuwa bado hajapata kushindana huko. Niyongabo akaingia mita 5000, mbio alizokuwa hajazizoea, akarudi na nishani ya dhahabu. Wakati ule nyumbani watu walikuwa wakiuana.

Tumeahidi kurudi kwa Jacques Ochs. Wajerumani walipoivamia Ubelgiji mara ya pili, mwaka 1940, walimkamata yule mchoraji wa timu ya Stockholm. Kosa lake lilikuwa kikatuni alichomchora Hitler. Alifungwa katika ngome ya Breendonk, iliyoko kati ya Brussels na Antwerp, mahali ambapo wafungwa walifanyishwa kazi za kuvunja mgongo, wakapigwa na kushindishwa njaa. Walinzi walipogundua kwamba ni mchoraji walimtumia. Naye akachora yote aliyoyaona: wafungwa waliokonda, migongo iliyopinda, nyuso za walinzi. Aliokoka, na baada ya vita michoro ile ilichapishwa, ikawa ushahidi dhidi ya waliotenda. Walinzi wa Breendonk walikuwa watu wenye sare, wenye vyeo na wenye amri za wakubwa wao mfukoni. Baada ya vita wengi wao walifikishwa mahakamani, na amri zile hazikuwasaidia kitu.

Je, Afrika iko wapi katika mchezo huu? Kwa muda mrefu ilikuwa ni Misri na nchi za kaskazini. Mwaka 2012 Mmisri Alaaeldin Abouelkassem alipata nishani ya fedha ya floreti mjini London. Mwaka 2016 Ines Boubakri wa Tunisia alipata shaba. Na mwaka 2024 mjini Paris Mtunisia Fares Ferjani alipata fedha katika kitara na Mmisri Mohamed Elsayed shaba katika epe. Karibu nasi zaidi, Alexandra Ndolo, ambaye baba yake ni Mkenya, alipata fedha ya epe katika mashindano ya dunia ya Cairo mwaka 2022 akiwa upande wa Ujerumani, kisha akahamia bendera ya Kenya, na mwaka 2024 akaishindania nchi hiyo katika Olimpiki. Huko hakuwa na timu kamili ya kusimama naye. Mtu mmoja hafanyi wanne.

Majeshi nayo hayakuuacha mchezo. Baraza la Kimataifa la Michezo ya Majeshi, lililoundwa Nice, nchini Ufaransa, tarehe 18 Februari 1948 na nchi tano, Ubelgiji ikiwa mojawapo, leo lina wanachama zaidi ya 130, na upanga ni mmoja wa michezo yake. Waliolianzisha walikuwa maafisa waliotoka vitani miaka mitatu tu kabla ya hapo. Baadaye waliingia humo hata wale waliokuwa adui zao.

Hapa ndipo tunapoliona jambo hili likigusa kambi zetu. Mkataba wa Arusha ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, na mwishoni mwa 2004 zikatungwa sheria za jeshi jipya la ulinzi na polisi mpya ya taifa, ambamo hakuna kabila moja lililoruhusiwa kupita nusu. Mtu aliyetoka porini na mtu aliyetoka kambini, ambao jana walikuwa wakivizana, walipewa sare moja, bweni moja na sufuria moja. Waliokuwa kwenye mabweni hayo wanajua kwamba hawakuanza kwa kupendana. Walianza kwa paredi, kwa zamu, kwa ratiba iliyobandikwa ukutani na kumhusu kila mtu. Wanaodhani kwamba urafiki hutangulia na sheria hufuata wangewauliza hao.

Na hata sheria nzuri hufika mahali ikakwama. Julai 2023 huko Milan, Mwukraine Olga Kharlan alimshinda Mrusi katika kitara, akamnyooshea silaha badala ya mkono. Sheria ilitaka wapeane mikono. Akaondolewa. Nchi yake ilikuwa vitani, watu wa kwao wakifa, na waamuzi walikuwa na kitabu kinachosema mkono. Kukawa na kelele dunia nzima. Shirikisho likamrudisha, na sheria ikarekebishwa ili salamu ya silaha kwa mbali itoshe. Mwaka uliofuata, katika Michezo ya Paris, Kharlan aliiongoza timu ya Ukraine kushinda dhahabu ya kitara kwa miguso 45 dhidi ya 42 ya Korea ya Kusini. Tunaona shirikisho lilifanya vema. Halikumlazimisha mtu kujifanya kwamba hana uchungu, wala halikumruhusu kumgeuzia mwenzake kisogo bila kumsalimu.

Salamu yenyewe ni fupi. Uwanja wa mchezo ni ukanda wa urefu wa mita 14 na upana usiozidi mita mbili, ambao ungeenea kwa urahisi kando ya uwanja wa paredi wa kambi yoyote, Gitega au Muyinga. Wachezaji husimama nyuma ya mistari yao, kila mmoja mita mbili kutoka katikati, vinyago vya waya vikiwa kwapani ili kila mmoja auone uso wa mwenzake. Upanga huinuliwa wima mpaka kikingio cha mkono kiwe mbele ya kidevu, kisha hushushwa kuelekea kwa mpinzani, kuelekea kwa mwamuzi na kuelekea kwa watazamaji. Ndipo vinyago huvaliwa, mwamuzi huuliza kama wote wako tayari, na asiye tayari husema. Mwamuzi akitamka neno la kusimamisha, ncha hushuka papo hapo. Mguso utakaoanza baada ya neno hilo hauhesabiwi, hata kama taa imewaka.